Nilipobonyeza Ruhusu

Mama ni fundi wa cherehani Mwatate. Miaka yote ninayokumbuka amekuwa na simu ya aina moja, kabambe ya tochi, zile ambazo namba za vitufe hufutika hadi unabonyeza kwa kukumbuka tu. Moja ikifa, ananunua nyingine kama hiyo hiyo. Sasa mwezi wa pili mwaka huu akanipigia na kuniambia, bila kuzunguka, kwamba anataka simu ya kugusa.

Ni kazi iliyomsukuma. Zamani mteja alikuja na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti, akaonyesha kwa kidole: nishonee kama hii. Siku hizi mteja anasema, "Nimekutumia kwa WhatsApp," halafu anaenda zake. Mama anaacha mashine, anavuka barabara hadi kwa binti wa duka la M-Pesa, anaangalia gauni kwenye simu ya mwenyewe ambayo kioo chake kimepasuka. Kuna mteja alishonewa mkono mmoja mfupi kuliko mwingine kwa sababu ufa ulipita juu ya mkono wa gauni kwenye picha. Mama alirudia kazi hiyo bure.

Tayari alikuwa amepata mtu wa kumuuzia. Kijana mmoja alikuja sokoni na mwavuli na meza, anatoa simu kwa malipo ya kila siku. Unaweka 2,000, kisha unalipa shilingi 70 kila siku kwa mwaka mmoja. Sabini ni kitu gani? Ni mandazi na chai. Nikapiga hesabu tukiwa bado tunaongea: 70 mara 365 ni 25,550. Ongeza zile 2,000, unapata 27,550. Simu hiyo hiyo, kwa pesa taslimu, nilikuwa nimeiona dukani kwa 13,500.

"Ngoja kwanza, Mama. Nitakutafutia mimi."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Si wewe ndiye unajua mambo ya simu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananikumbusha.

*

Mwaka wa 2021 niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na sikuambia mtu nyumbani. Karo ilikuwa imerundikana, nikakosa mtihani mmoja, nikaona aibu kurudi, na aibu hiyo ikazaa nyingine. Nilihama hosteli mwezi wa Januari nikaenda kukaa kwa rafiki Kahawa West. Mama akipiga simu namwambia masomo yanaendelea vizuri. Nilikuwa naandika makala za watu wa mitandaoni kwa malipo ya kukata tamaa.

Mwezi wa tano nilipungukiwa pesa ya nyumba. Nikapakua programu moja ya mikopo. Ikaniuliza kama inaweza kuona majina yaliyo kwenye simu yangu. Ruhusu. Jumbe zangu. Ruhusu. Mahali nilipo. Ruhusu. Nilibonyeza jinsi unavyomjibu askari wa geti akikuuliza unaenda wapi, mradi upite. Niliomba 3,000, ikaingia 2,400, na siku ya saba walitaka zao 3,000. Nikaongeza muda, nikalipa ada ya kuongeza muda, nikaongeza tena. Mwisho sikuwa na kitu cha kuongeza.

Simu zilipoanza nilizima yangu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko deni lenyewe, kwa sababu ukizima yako wao wanapiga za wengine. Nilikuwa na majina 214. Walipiga kwa fundi wa viatu. Walipiga kwa mchungaji, kwa mwalimu wangu wa chuo, kwa msichana ambaye tulisalimiana mara ya mwisho tukiwa kidato cha nne. Na kwa mtu aliyeandikwa "Mama" walimwambia kwamba mwanawe amemweka kuwa mdhamini, amekataa kulipa, na kwamba watafika nyumbani. Sikuwa nimemweka Mama kuwa mdhamini wa chochote. Nilikuwa nimebonyeza Ruhusu tu.

Mama alinipigia siku mbili, sipatikani. Siku ya tatu akamtafuta kijana niliyekuwa nikikaa naye hosteli, ambaye pia alikuwa amepigiwa na hao watu na bado amechanganyikiwa. Huyo ndugu yangu hakujua kuna siri ya kuficha. Akasema, "Mama, huyu mbona alitoka hapa tangu Januari?"

Hivyo ndivyo mama yangu alivyojua kwamba sisomi tena. Alilipa deni, 4,100 lilipokuwa limefika, kwa pesa ambazo wazazi wa shule ya msingi walikuwa wameacha za kununulia kitambaa cha sare. Kisha akashona usiku mwezi mzima kuziba hilo pengo. Nilijua hayo baadaye, kwa binamu.

Najua mtu atauliza sheria ilikuwa wapi. Sheria ya Kulinda Data ilikuwepo tangu 2019, ila mimi sikuijua hata kwa jina. Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa mitandaoni zilitoka 2022, na zinakataza mkopeshaji kuchukua orodha ya watu kwenye simu yako ili awasumbue ukishindwa kulipa. Google nao walizizuia programu za mikopo kusoma majina kuanzia mwisho wa Mei 2023. Vizuri sana. Yalikuja baada ya Mama kupigiwa, lakini yalikuja, na leo ukitendewa hivyo una mahali pa kushtaki.

Hata hivyo kuna kitu sheria haikunitatulia. Nimewalaani wale wapigaji simu miaka mingi, na bado nawalaani. Lakini hayo majina 214 hayakuwa mali yangu. Kila mmoja alinipa namba ili mimi nimpigie. Mchungaji alinipa kwa sababu ya mazishi ya babu. Yule msichana alinipa akicheka, kwenye kipande cha karatasi. Mimi nikachukua wote, nikawaweka rehani kwa 2,400, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza.

*

Basi nikaenda Luthuli kumtafutia Mama simu. Ukitaka kujua thamani ya utulivu, tembea Luthuli Avenue Jumamosi ukiwa na sura ya mnunuzi. Kila mlango una kijana anayekuita boss, brathe, mkubwa. Mmoja alinishika mkono kabisa.

Nilikuwa nimejiuliza swali moja: hii simu itafanya kazi gani? Sio "iko na kamera ngapi". Fundi wa cherehani Mwatate anahitaji kuona picha ya mshono vizuri, mchana, kwenye kibanda kisicho na ukuta wa mbele. Macho yake yameanza kuchoka. Stima hupotea. Wateja watamtumia picha nyingi na yeye si mtu wa kufuta.

Duka la kwanza walinionyesha simu yenye maandishi makubwa kwenye boksi, 8GB RAM. Bei ikanifurahisha sana, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, wameandika 4+4. Maana yake ni kwamba ina nne, na nne nyingine inakopa kutoka kwenye hifadhi, ile sehemu ya kuweka picha. Si wizi, wameandika. Lakini wanajua hatusomi.

Duka la pili, kijana akatoa zile tunazoita ex-UK, yenye jina kubwa, inang'aa kama mpya. Nikaingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, nikatafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Simu kama hiyo itawaka, itapiga picha nzuri, lakini mashimo yanayogunduliwa kwenye programu zake hakuna anayeyaziba tena. Kuna kampuni siku hizi zinazoahidi masasisho ya miaka 6 au 7 kwa baadhi ya simu zao. Uliza hilo kabla ya kuuliza rangi. Na kama unanunua ya mkono wa pili, iwashwe upya kabisa mbele yako, uone kama itadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Ikidai, muage kwa heshima uende.

Kijana wa duka la tatu aliniona nikibonyeza *#06# na kulinganisha tarakimu 15 za kwenye kioo na zile za kwenye boksi. "Wewe ni wa serikali?" Nikacheka. Nilimwambia mimi ni mtoto wa mtu aliyezimiwa simu mwaka wa 2012. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo serikali ilizima simu bandia nchi nzima, na ya Baba ilikuwa mojawapo. Ilikuwa na laini mbili, antena ya televisheni, na sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Asubuhi ikaamka bila mtandao. Baba aliendelea kuibeba mfukoni wiki kadhaa, akisikilizia redio, nadhani kwa heshima ya pesa alizotoa.

Hapo kwa huyo kijana ndipo niliponunua. Niliomba kuitoa simu nje, juani, akanifuata amenishika mkoba nisije nikatoroka. Tukasimama pale kando ya barabara, nikaongeza herufi hadi kubwa kabisa, nikapiga picha ya kifungo cha shati lake, nikaivuta hadi nikahesabu nyuzi. Nyuzi zikahesabika. Hifadhi ya 64GB, RAM ya nne za kweli, betri ya 5,000. Sitaji jina, hili si tangazo. 13,000 pamoja na kava na kioo cha juu, kutoka kwenye malipo ya makala mbili na nusu. Hiyo nusu bado naidai.

Sisemi simu ya malipo ya kila siku ni mbaya kwa kila mtu. Jirani yangu wa boda aliichukua kwa sababu hangeweza kushika 13,000 kwa pamoja hata siku moja maishani, na imemlisha. Lakini usiku mmoja, amebeba mteja, ramani iko wazi mbele yake, kioo kikageuka. Kikabaki kinaonyesha deni na namba ya kulipia, basi. Alikuwa amesahau siku moja. Abiria ndiye aliyemlipia, wakiwa wamesimama gizani kando ya barabara. Alinisimulia akicheka. Mimi nilimfikiria Mama na mteja anayesubiri gauni la harusi.

*

Nilishuka na treni hadi Voi, nikachukua matatu. Nilikuwa nimeandaa mafunzo kama mwalimu. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isifanane na ya M-Pesa. Akipigiwa na mtu anayesema ametuma pesa kimakosa, asirudishe chochote kabla ya kuangalia salio mwenyewe. Jumbe za "tuma kwa watu kumi" zifie kwake. Alikuwa ananisikiliza huku akipiga pasi.

Tulipofika kwenye ruhusa nikakwama. Ningemwambiaje bila kurudi 2021? Nikaanza kuzunguka, programu zinaweza kuomba kuona vitu, vitu vingine si vyako peke yako, unaona... Mama akaweka pasi chini. Akavuta droo ya mashine akatoa daftari lake.

Hilo daftari nalijua tangu utotoni na sijawahi kulifungua. Ndani mna kifua, kiuno na nyonga za nusu ya wanawake wa Mwatate, mwaka hadi mwaka. Nani amenenepa, nani amekonda ghafla, nani alikuja kupimwa gauni pana kabla mtu yeyote hajajua ni kwa nini. Kuna mwanamume aliwahi kuja kuuliza vipimo vya mkewe, ati anataka kumshtukiza kwa zawadi. Mama alimwambia amlete mwenyewe apimwe.

"Ni kama hii?" akaniuliza.

"Ni kama hiyo."

"Basi nimeelewa." Akalirudisha kwenye droo. Hakusema neno la 2021, wala mimi sikusema.

Alielewa kupita kiasi. Wiki tatu baadaye alinipigia kulalamika kwamba WhatsApp niliyomwekea ni mbovu, haina majina, ni namba tupu. Nikamuuliza, akaniambia iliomba kuona majina akaikatalia.

"Hiyo unaweza kuiruhusu, Mama. Mimi mwenyewe nimeiruhusu. Ndivyo inavyojua nani ni nani."

"Si ulisema nikatae?"

"Nilisema ufikirie kwanza."

"Nimefikiria. Mteja akiandika namuuliza jina, naandika kwa daftari. Inatosha."

"Na mimi je? Utanijuaje kati ya hizo namba?"

Akaitaja namba yangu, kuanzia sifuri hadi mwisho, bila kupumzika katikati. Watu wa siku hizi hawajui namba za watu kwa kichwa. Mimi yake siijui.

"Ile wiki uliyozima," akasema, "niliibonyeza mpaka ikanikaa."

Sikupata la kujibu. Nilisikia cherehani ikianza, ikasimama. Akaniambia kuna picha amenitumia, gauni la kola ya V, nimwangalizie kama zipu iko mgongoni ama ubavuni, maana yule mteja alisimama vibaya.