Skii Inayosamehe

Kwa miaka mitatu sasa, sehemu ya kodi yangu ya nyumba imekuwa ikilipwa na skii. Sijawahi kuzivaa. Nilicho nacho ni laptopu, chumba kimoja Kahawa Wendani, na wateja wenye maduka ya mtandaoni wanaonitumia jedwali la namba usiku na kutaka maneno 150 kwa kila jozi kabla hakujakucha kwao. Nilipoacha chuo, kazi zilizopatikana haraka mtandaoni zilikuwa mbili: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, au kueleza bidhaa. Nikachagua bidhaa. Nimeeleza majiko ya gesi, vitanda vya mbwa, mashine za kuondoa theluji mlangoni. Lakini skii ndizo zilizonishika, kwa sababu kila jozi huja na lugha mbili ambazo hazisalimiani.

Watu wakisikia hucheka. Kwani sisi tuna theluji? Iko kule juu Mlima Kenya, na inazidi kupungua. Ila mchezo wenyewe ulishatufikia kwa mlango wa nyuma. Nenda Gikomba alfajiri marobota yakifunguliwa uone makoti ya skii. Jamaa wa boda wa steji yetu anavaa moja, na kwenye zipu bado inaning'inia tikiti ya lifti ya mlima fulani wa Ufaransa. Saa kumi na moja asubuhi, Thika Road, hilo koti halina mpinzani. Nguo zote tunazo. Kilichobaki huko ni zile mbao.

Lugha ya kwanza ya skii ni ya namba, na hiyo ndiyo ninayoiamini. Tuseme imeandikwa 170, halafu 125-84-109, halafu 15. Hiyo 170 ni urefu kwa sentimita. Zile tatu ni upana kwa milimita: ncha ya mbele, kiuno, mkia. Skii ina kiuno kabisa, kama chupa ya soda. Kiuno chembamba, chini ya milimita 80 hivi, ni cha njia iliyosawazishwa na mashine ikawa ngumu. Skii hiyo hulala ubavu upesi na ukingo wake wa chuma hung'ata. Ukifika 100 na kuendelea unaingia kwenye theluji nene ambayo haijakanyagwa, ambako kinachotakiwa ni kuelea. Angalia mguu wa ngamia na mguu wa mbuzi mchangani, umeshaelewa.

Ile 15 ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi. Ni mita. Ukiilaza skii ubavuni ukaiacha ijiendee, itachora kipande cha duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 15. Namba ndogo hupinda kama boda, namba kubwa hupinda kama trela la kwenda Malaba. Skii za mashindano ya kupita katikati ya vijiti vilivyokaribiana huwa kwenye mita 12 au 13. Na kiuno hicho chenyewe si cha zamani sana. Kabla ya miaka ya 1990 watu walivaa mbao zilizokaribia kunyooka, mara nyingi zaidi ya mita mbili, na kipimo kilikuwa kuinua mkono juu na kuona kama ncha inafika kwenye kiwiko cha kiganja. Kampuni ya Elan ya Slovenia ilipotoa skii yake yenye kiuno kilichobanwa, mapema katika muongo huo, wengine wakafuata, na skii zikafupika kwa karibu kila mtu.

Kuna pia umbo ukiitazama kwa upande. Ilaze sakafuni: kama katikati inainuka kidogo na miisho ndiyo inayogusa, huo ni upinde, na uzito wako ukiukandamiza, ukingo wote unashika theluji. (Wenyewe neno lao wanalitamka karibu kama kamba. Nilikaa wiki nzima nikitafuta hiyo kamba imefungwa wapi.) Kama ncha ndiyo inayoanza kupaa mapema, mbele ya mguu, skii hugeuka kirahisi na haizami, lakini kwenye barafu hushika kidogo. Hapo hakuna ushairi. Ni mbao, plastiki, chuma na gundi.

Lugha ya pili ndiyo ninayolipwa kuiandika. Humo skii ni mtu. Inacheza. Inadai. Ina njaa. Kuna neno ambalo kwa Kiingereza cha kawaida ni unyevunyevu, lakini kwenye skii lina maana ya kumeza mtetemo; ukilitafsiri kijinga unauza skii chepechepe. Na kuna lile ninalolipenda kuliko yote: skii inayosamehe. Nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Likivuliwa manukato, maana yake ni skii laini, ncha imeinuka, ukiegemea nyuma kwa woga haikutupi. Skii inayodai ni kinyume chake: ngumu, mara nyingi ina bamba la chuma ndani, inatulia kwenye kasi, lakini usipoisukuma kwa nguvu na ujuzi inakupeleka inakotaka yenyewe. Shida ni kwamba mnunuzi akisoma "inadai" anajiona shujaa, na akisoma "inasamehe" anajiona ametukanwa. Wauzaji wanalijua hilo vizuri.

Desemba iliyopita dada yangu mkubwa alinipigia kutoka Innsbruck. Ni nesi huko, mwaka wa nne sasa. Shule ya kijana wake ilikuwa na wiki ya skii, darasa zima linapanda mlimani, na kila mzazi anatafuta vifaa.

"Wewe si ndio mtaalamu wa hizi mambo?" akaniuliza. "Andika basi kitu cha kunisaidia mimi."

Alikuwa amepata jozi kuukuu kwa bei ya bure, akanitumia picha. Ndefu, nyembamba kama rula, na kifungio kinachoshika vidole tu huku kisigino kikibaki huru.

"Hizo ni za Philip Boit," nikamwambia. Boit wetu, mkimbiaji aliyeenda Nagano mwaka 1998 akamaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye utepe kumkumbatia. Hizo ni skii za nyika: unatembea nazo, unapanda, unasukuma kwa fimbo. Za kushuka mlima ni mnyama mwingine. Kisigino kinafungwa, kiatu ni kigumu kama ndoo. Ukimpa mtoto za nyika kwenye mteremko ule umemtupa.

Wakaenda dukani kukodi, jambo ambalo lina akili kwa mtoto anayerefuka kila mwezi. Nikawa nao kwa video. Mpwa wangu alishachagua: sentimita 150, joka jekundu, karibu urefu wake mwenyewe. Nikasema 130, hapo kidevuni.

"Anko, hizo fupi ni za watoto."

"Na wewe ni nani?"

Alinuna, lakini hilo lilipita. Kilichotufikisha kwenye ugomvi ni fomu. Duka linahitaji uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya kiatu kwa milimita, na kitu cha mwisho: wewe ni mtelezaji wa aina gani, 1, 2 au 3. Moja ni mwenye tahadhari, anayekwenda polepole. Tatu ni wa kasi na miteremko mikali. Kijana akaweka alama kwenye 3. Dada yangu akaikata, akaandika 2.

"Andika 1," nikasema.

Akainuka akatoka nje ya duka na simu. "Sikiliza. Huyu ndiye Mwafrika peke yake kwenye hilo darasa. Wenzake wamezaliwa na hizi vitu miguuni. Unataka aanze wiki akiwa ameandikwa namba ya mwisho?"

Nilikuwa na jibu, lakini sikulitoa haraka, kwa sababu najua alichokuwa anabeba. Kuna Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi akakulia huko huko Austria na kushindania Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Dada ana picha yake kwenye friji. Lakini hata Simader alianza chini. Nikamweleza ile namba inafanya nini. Fundi anachukua majibu yote yale, anasoma jedwali, anashika bisibisi na kukaza springi ya kifungio. Ukianguka na skii ikajipinda, springi ndiyo inayoamua kama kiatu kitachomoka au mguu utaendelea kuzungushwa pamoja na ubao. Ukipanda kutoka 1 kwenda 3, inakazwa zaidi, kwa sababu wa kasi hataki imtoke katikati ya kona. Kwa anayejifunza, kukazwa huko ni goti, ni mfupa wa mundi. Hakuna mwanafunzi atakayeisoma hiyo namba. Ataisoma fundi na bisibisi yake.

Akanyamaza. Yeye ni nesi wa wodi ya mifupa. Nilisikia kengele ya mlango wa duka ikilia akirudi ndani.

Jumatano ya wiki ile nikapokea video ya sekunde tisa. Kijana anashuka ameegemea nyuma, mikono hewani kama anayefukuza nyuki. Anapinda vibaya, skii ya kushoto inachomoka, breki yake inachimba theluji na inabaki juu ya mteremko huku yeye akiteleza kwa makalio mita kadhaa. Anakaa. Anatazama mguu wake, anatazama juu, kisha anamtazama anayepiga picha.

"Anko, imetoka yenyewe!" anasema, kwa hasira kabisa, na kuanza kupanda kwa mguu mmoja kwenda kuichukua.