Rangi ya Shohamu

Kabla sijafika Simiyu niliujua mkoa huo kwa pamba na chaki. Pamba, maana ndiko inakovunwa nyingi kuliko kwingine nchini. Chaki, maana zile zinazotengenezwa Maswa nimeandikia ubaoni miaka mingi. Sasa nilikuwa nimealikwa Bariadi kuwafundisha walimu wa Shule ya Jumapili. Somo lenyewe lilikuwa mavazi ya Haruni, kuhani mkuu, Kutoka sura ya 28, hasa kile kifuko cha kifuani chenye vito 12. Nikapanda basi la asubuhi Shinyanga, Biblia mapajani, nikipitia safu za mawe moja moja.

Maganzo akapanda mzee mmoja, akaketi kando yangu.

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka, baba."

Maganzo ni mji uliokuzwa na almasi. Jirani yake ndiko Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940, na ambako mwaka 1947 lilitoka jiwe la waridi la karati 54.5, likawa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Habari za binti mfalme hazikumgusa mzee wangu. Yeye ujanani alichekecha changarawe, na alichotaka kunieleza ni namna ya kuitambua almasi.

"Usidanganywe na kung'aa, hata chupa inang'aa. Almasi haishiki maji, mayo. Inashika grisi."

Ni kweli tupu. Mitambo ya zamani ya almasi ilikuwa na meza zilizopakwa grisi: changarawe ikipitishwa juu yake na maji, mawe mengine yanasombwa, almasi inanasa. Nikamfunulia Biblia nikamwonyesha kwamba almasi imo katika safu ya pili ya kifuko cha Haruni, baada ya zumaridi na yakuti ya rangi ya samawi, na kwamba kila jiwe lilichorwa jina la kabila moja la Israeli, kama muhuri.

Akacheka. "Wakalichora kwa kitu gani? Almasi haikatwi ila kwa almasi."

Hoja hiyo ndiyo wanayoitoa wataalamu wa Kiebrania, na ilinifurahisha kuisikia ikitoka kwa mtu aliyeyashika mawe kwa vidole. Neno la Kiebrania hapo ni *yahalom*. Wengi hulihusisha na kitenzi cha kupiga, kana kwamba ni jiwe la kupigia au lisilovunjika likipigwa, lakini mafundi wa enzi ile hawakuwa na zana ya kuchonga jina juu ya almasi. Wayahudi wa Aleksandria walipotafsiri Torati kwa Kiyunani, nafasi hiyo ya sita waliiandika yaspi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikaandika almasi, na wasemaji wa Kiebrania wa leo nao almasi huiita *yahalom*. Tena kuna *shamir*, neno jingine kabisa, ambalo katika Yeremia 17 na Ezekieli 3 Biblia yetu ya mwaka 1952 imelifanya almasi vilevile. Hilo huenda lilikuwa jiwe gumu la kunolea na kuchongea, jamaa ya kile kinachowekwa kwenye msasa. Kwa hiyo Msukuma wa Maganzo akisoma almasi, anaona jiwe la nyumbani kwao. Haruni pengine hakuwahi kuligusa.

Mwigumbi tukaacha barabara ya Mwanza tukashika ya Maswa, lami nzuri, kilomita 100 hivi hadi Bariadi. Udongo mweusi wa mbuga, ng'ombe, pamba iliyochanua. Mzee alishuka Maswa. Sina la kusema zaidi juu ya njia hiyo, nilikuwa nasoma.

Darasani Bariadi tulianza kuchora kifuko ubaoni kwa chaki za rangi. Zumaridi, kijani. Yakuti samawi, buluu, ingawa *sappir* ya Kiebrania yaelekea ilikuwa lile jiwe la buluu zito lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan. Almasi tukaipa nyeupe, nikawasimulia ya mzee. Safu tatu zikaenda vizuri. Safu ya nne tukakwama kwenye jiwe la katikati: shohamu.

Hapo watafsiri wetu hawakutafuta jina la Kiarabu kama walivyofanya kwa akiki na yakuti. Walilichukua neno la Kiebrania, *shoham*, wakalipa irabu ya Kiswahili, basi. Mimi nawasifu kwa hilo. Wale wa Aleksandria walibabaika: katika Mwanzo 2, penye nchi ya Havila, wakaliita jiwe la kijani, mabegani mwa Haruni wakaliita zumaridi, katika Ayubu 28, ile sura ya wachimbaji, wakaliita oniksi, na wengi wamefuata hilo la mwisho. Wako wanaolilinganisha na neno la Kiakadi *samtu*, ambalo ni akiki nyekundu.

Mwalimu mmoja kutoka Dutwa, kwenye barabara ya Lamadi, alishikilia kijani. Kwao ardhini kuna nikeli, akasema, na nikeli hutia mawe ukijani. Hakukosea: ndiyo inayoipa rangi krisoprasi ya Haneti, kule Dodoma. Lakini hiyo si hoja ya Kiebrania, nikamwambia, na mwenzake tayari alikuwa ameshika chaki nyekundu.

"Mwalimu, mtoto akiuliza lina rangi gani, tumjibu nini?"

"Mwambieni tumebaki na jina tu."

Hawakuridhika. Duara la shohamu likaachwa tupu, tukahamia mabegani, ambako shohamu zilikuwa mbili, kila moja na majina sita ya wana wa Israeli, yamepangwa kwa kufuata kuzaliwa kwao. Ubishi ukahama nasi: Dani alizaliwa kabla ya Yuda au baada? Watu wakaanza kufungua Mwanzo 29.