Vipimo Nilivijaza Mimi

Katika familia yetu inasemwa kwamba gauni la harusi la mdogo wangu liliharibiwa na Wachina. Hata mimi nimekuwa nikiitikia. Ukweli ni kwamba lilishonwa vilevile lilivyoagizwa, na aliyeagiza ni mimi.

Mdogo wangu hakutaka gauni la kukodi. Hapa Dar kukodi ndiyo kawaida: unaingia saluni ya maharusi, unajaribu, wanalibana kwa pini, harusi ikiisha unarudisha. Yeye alitaka shela lake mwenyewe, libaki kabatini. Mtandaoni tukampata muuzaji wa Suzhou, mji wa China uliojaa mafundi wa magauni ya harusi, ambaye alishona kwa vipimo vya mteja bila kuongeza bei. Kwa kuwa niliwahi kukaa na cherehani, nikasema kupima niachiwe mimi.

Kujua kidogo ndiko kulikoniponza. Fomu ilitaka vipimo vya mwili: kifua juu ya sidiria atakayovaa siku yenyewe, kiuno, hipsi, na urefu kutoka kwenye kishimo cha koo hadi sakafuni akiwa peku. Urefu wa kisigino ulikuwa na kisanduku chake. Mimi nikafanya nilivyozoeshwa na fundi aliyenifundisha, yaani kuachia. Kiuno kilikuwa inchi 29, nikaandika 31. Hipsi 40, nikaandika 42. Kifua vivyo hivyo. Sikuwaza kwamba na kule fundi huachia nafasi yake akishapata namba. Urefu nilimpima akiwa juu ya viatu vyake vipya, halafu nikajaza na kile kisanduku: inchi 3. Kisigino kikahesabiwa mara mbili.

Ningeweza kuishia hapo na kuiita bahati mbaya. Lakini kabla ya kukata kitambaa muuzaji aliandika kuuliza: hivi ni vipimo vya mwili, hujaongeza chochote? Niliona ananifundisha kazi. Nikajibu kwamba viko sahihi.

Gauni likaja. Tukalipa ushuru, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo hupigwa kwenye bei, usafiri na ushuru wenyewe kwa pamoja (kwenye kamati hakuna aliyekuwa ameiweka kwenye bajeti). Lilikuwa zuri kweli, lesi laini, vifungo vidogo vya kitambaa kutoka shingoni hadi kiunoni. Ila alipolivaa, kifua kilisimama mbele peke yake kama sufuria, na pindo likalala sakafuni hata akiwa na viatu.

"Dada, si uliwapa vipimo?"

"Niliwapa. Hawa watu bwana!"

Jibu hilo ndilo ninaloliungama. Kupima vibaya hata fundi mzoefu hupima vibaya. Mimi niliendelea. Nililitandaza gauni kitandani, nikaliwekea tepu, nikapiga picha na kudai fidia, nikiweka pembeni vipimo halisi vya mdogo wangu kana kwamba ndivyo nilivyotuma. Muuzaji alinitumia fomu yangu mwenyewe, bila ukali wowote, akaeleza kwamba ameshona kufuata hiyo. Nikakaza. Akarudisha dola 70, nadhani kwa kuogopa nyota mbaya. Nikampa mbili hata hivyo.

Hela hiyo ilienda kwa fundi wa mtaani kwetu, na nilikaa kumtazama akifanya kazi. Gauni la namna ile halibanwi kwa kupitisha cherehani tu. Maua ya lesi yalikuwa yamepita juu ya mshono wa ubavuni, ikabidi ayafumue moja moja kwa wembe, atoe shanga zisije zikamvunjia sindano, abane kitambaa na bitana yake, ndipo ayarudishe kwa mkono. Chini hakuweza kukata, maana ukingo wote ulikuwa wa lesi. Akaitenganisha sketi kiunoni na kuipandisha kutokea juu. Katikati ya kazi aliinua kichwa akaniuliza, "Hivi hawa walipewa kipimo gani? Maana mshono wao umenyooka."

Nikasema sijui.

Harusi ilifana, na kwenye picha hakuna anayegundua kitu. Tatizo lilikuja binamu yetu alipotaka kuagiza kwa muuzaji yuleyule. Mdogo wangu alimkataza kwa nguvu zote, gauni likatolewa kabatini kama ushahidi, nami nimekaa hapohapo na kikombe changu cha chai. Binti akaenda kukodi.

Baadaye nilimwambia mdogo wangu yote. Nilikuwa nimejiandaa kulia pamoja naye juu ya gauni. Hakuligusia. Aliuliza, "Kwa hiyo ile hela ulimwibia?"

Nyota nimezibadilisha, na maelezo nimeyaandika upya kwa jina langu. Zile dola 70 sijarudisha.