Pasi ya Makaa

Bukavu nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu. Nilikuwa na pasi ya umeme pia, ile ya kuchagua moto. Vyote vilibaki. Hapa Nyarushishi nilifika na bisibisi mbili na simu inayozimazima. Mama yangu yuko ng'ambo, hupiga siku akipata salio. Akikuta simu imezima, basi, imepita.

Jirani ana betri ya volti 12 na paneli ndogo ya jua. Simu inataka volti 5. Kuna kidude cha miguu mitatu, 7805, kinachoshusha umeme hivyo. Nilikosa bodi tu. Nilipopata ruhusa ya kushuka Kamembe, nilinunua kipande kimoja cha bodi ya shaba, nikachapisha mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi laini ya gazeti, umegeuzwa kama kwenye kioo. Nakala tatu. Pesa ikaishia hapo.

Wino wa printa hiyo ni unga wenye plastiki. Ukipata moto unayeyuka, unashika shaba. Baadaye dawa inakula shaba yote, isipokuwa iliyofunikwa na wino. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye pasi.

Niliazima pasi ya makaa kwa mama mmoja anayenyoosha nguo za ibada. Nikasugua shaba mpaka ikang'aa, nikalaza karatasi, nikasukuma pasi kwa nguvu zote, huku na huku. Mistari ilitapakaa, miwili ikagusana. Nikasugua, nikaanza tena. Mara ya pili makaa yalikuwa yamelala, wino ukabaki kwenye karatasi. Ikabaki nakala moja.

Mama yule alikuwa ananitazama. "Mutoto wangu, unanyoosha suruali? Ile ni kama kola. Kola hausukume, unafinya tu, unaacha moto itumike."

Akapunga pasi, makaa yakawaka. Akaipitisha juu ya jani la mgomba, akasikiliza linavyolia. "Sasa."

Nikaweka bodi juu ya ubao ulionyooka, kitambaa chembamba juu ya karatasi. Nikafinya wima, katikati, kisha kila pembe, bila kuteleza. Nilihesabu mpaka mia mbili. Nilitaka kubandua papo hapo, akanishika mkono: "Acha ipoe." Ikapoa. Nikailoweka majini, nikafikicha karatasi kwa kidole, polepole. Mistari yote ilibaki, myeusi, safi.

Dawa sikuileta kambini kwa sababu ya watoto. Fundi mmoja wa Kamembe alinimalizia kwake, kwenye beseni la plastiki. Nyuma ya 7805 nilifunga kipande cha alumini, maana kinachemka sana.

Sasa simu tatu zinalala kwenye chaja ile: yangu, ya jirani, na ya mama wa pasi. Yeye ana kijana hajasikia sauti yake tangu tuvuke. Kila asubuhi anakuja kuichukua, anauliza kama imelia.

Bado. Lakini iko inawaka.