Mwanangu anaporusha droni usiku

Mwanangu wa kwanza ana miaka 20 na anaishi kwa kazi ya droni. Tupo Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, na wateja wake ni maharusi na wauza nyumba. Wengi wanataka picha za usiku, maana taa zikipigwa kutoka juu hupendeza. Kina mama wenzangu huniuliza, "Unapataje usingizi kijana akiwa gizani na hilo dude?"

Napata, kwa sababu kuna maswali manne namuuliza kabla hajatoka.

La kwanza ni sheria. Hapa, anayerusha droni kwa malipo lazima awe na cheti cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Umri wa chini ni miaka 16, na kuna mtihani. Zamani kazi ya usiku ilihitaji kibali maalumu. Tangu Aprili 21, 2021 kibali hicho hakihitajiki, mradi rubani amesomea mambo ya usiku na droni ina taa ya kumetameta inayoonekana umbali wa maili 3, karibu kilomita 5. Vitaa vinavyokuja na droni nyingi havifiki huko, hivyo alinunua taa ya kufunga juu yake. Karibu na viwanja vya ndege, ruhusa ya kuingia katika anga inayosimamiwa na waongoza ndege bado inahitajika.

La pili: umepaona mahali hapo mchana? Waya wa umeme na tawi kavu havionekani usiku. Hata kamera zinazoisaidia droni kukwepa vizuizi hudhoofika mwanga ukipungua.

La tatu ni macho. Huchukua kama dakika 30 kuzoea giza, na kuangalia simu yenye mwanga mkali mara moja tu huharibu yote. Tena ukikodolea taa moja gizani kwa muda mrefu, utaiona kama inatembea kumbe imetulia. Kwa hiyo hufika mapema, hupunguza mwanga wa skrini, na macho yake hayagandi sehemu moja.

La nne ndilo gumu: utaweza kusema hapana? Mwaka jana bwana harusi mmoja alimwongezea dola 200 ili droni ipite juu ya wageni wakicheza. Kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia, nasi sote tulijua. Lakini droni kama yake hairuhusiwi kupita juu ya watu wasiohusika na kazi hiyo, iwe mchana au usiku. Alikataa, akapiga picha kutoka pembeni. Mteja yule hakumwita tena.

"Mama, ikizima pale juu inamwangukia mtoto wa mtu," aliniambia. Kodi tulichangishana.

Mzazi uliye Tanzania au Kenya, usizichukue sheria za huku ukadhani ndizo za huko. Kabla kijana hajanunua droni ya biashara, mpeleke TCAA au KCAA akaulize vibali, na aulize usiku peke yake kama swali tofauti. Nyumbani, muulize haya mengine matatu. La nne muulize kabla mteja hajatoa pesa.