Mlango Wetu wa Ilala, 1983

Nilikuwa darasa la sita, Ilala, Dar es Salaam. Nchi ilikuwa bado inabeba gharama za vita vya Kagera. Sukari na sabuni zilipangiwa foleni, na zilipokosekana dukani zilipatikana kwa walanguzi. Mwaka huo Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mtaani wengi tulishangilia, maana walanguzi walikuwa wametuumiza kweli. Lakini sheria iliyotungwa ilimnyima mtuhumiwa dhamana na wakili, na hofu ikaingia hata kwa wasio na hatia.

Kabla ya hapo mlango wetu ulishinda wazi, pazia tu likipepea. Mgeni alibisha hodi, akakaribishwa kabla ya kuulizwa jina. Hodi zilikuwa tatu. Asipoitikiwa, aliondoka bila kinyongo. Msako ulipoanza, mama akawa anatia komeo magharibi.

Usiku mmoja tulisikia kishindo mlangoni. Hawakupiga hodi. "Fungueni! Upekuzi!" Baba alikuwa safarini. Uvunguni mlikuwa na miche ya sabuni na sukari tuliyoidunduliza kwa ajili ya hitima ya bibi. Shangazi alinong'ona tuimwage chooni. Wapo waliofanya hivyo mwaka ule, na wengine walitupa mali baharini. Mama alikataa.

"Tukimwaga, tutakuwa tumejishitaki wenyewe," alisema.

Akasogea nyuma ya mlango. "Mwenye nyumba hayupo. Niitieni balozi wa nyumba kumi. Nikisikia sauti yake, nitafungua."

Wakapiga mateke, wakatisha kuuvunja. Mama akarudia maneno yale yale, sauti haikupanda wala kushuka. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake, nikauhisi mwili wake ukitetemeka.

Hatimaye tukasikia kikohozi tulichokijua. "Hodi, Mama Zuhura. Ni mimi."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Komeo likatolewa. Walipekua kila chumba, balozi akiwamulikia kwa taa ya chemni. Walipovuta sukari, akawaambia ni ya hitima, na yeye mwenyewe ni mwalikwa. Wakaiacha. Mtaa wa pili, baba mmoja aliyewafungulia akiwa peke yake alichukuliwa, na hapakuwa na jirani wa kusema nini kilikutwa kwake.

Sheria ile haikudumu. Mwaka 1984 ilifutwa, ikaja nyingine iliyoruhusu mawakili. Mwaka huo huo haki za raia ziliingizwa katika Katiba, na Ibara ya 16 inalinda maskani ya kila mtu.

Mgeni aendelee kukaribishwa. Huo ndio ustaarabu wetu. Lakini enyi wanangu, mkigongewa usiku kwa amri, ulizeni jina, ulizeni kibali, na mwiteni mwenyekiti wa mtaa kabla ya kufungua. Mama hakuwa amesoma sheria, na bado alijua kwamba upekuzi wa haki haukimbii shahidi.