Kura Iliyokataa na Kura Iliyoharibika

Mpigakura anayepiga mstari juu ya majina yote ya wagombea huwa amesema jambo. Lakini jioni, sanduku linapofunguliwa, kauli yake hutiwa fungu moja na karatasi ya mzee aliyetetemeka mkono, na zote mbili huitwa kura zilizoharibika. Hapo lugha imedhulumu. Aliyekataa hakuharibu kitu.

Neno la kukataa halikuwa geni visiwani. Katika zama za chama kimoja, mgombea urais alikuwa mmoja, na mpigakura aliulizwa ndiyo au hapana. Wengi waliliona swali hilo kuwa mchezo wa kuigiza, maana jibu lilijulikana mapema. Hata hivyo, mwaka 1985, Idris Abdul Wakil alipoomba ridhaa ya kuiongoza Zanzibar, ndiyo alizopata zilikuwa takriban asilimia 60 tu. Hapana hazikumzuia, lakini zilihesabiwa, na hadi leo zinasomeka. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ukafuata, majina yaliongezeka karatasini, hapana ikaondoka.

Ng'ambo ya bahari, Mahakama ya Juu ya India iliamuru, tarehe 27 Septemba 2013, mpigakura apewe kitufe cha kuwakataa wagombea wote. Mwaka 2024, katika jimbo la Indore, baada ya mgombea wa chama cha Congress kujitoa, watu zaidi ya 218,000 walikibonyeza. Aliyeshinda alishinda vilevile. Na hata lau kukataa kungeongoza, sheria ingemtangaza mgombea anayefuata. Kolombia imekwenda mbali zaidi: kura nyeupe zikizidi nusu ya kura halali, uchaguzi hurudiwa mara moja tu, na kwa nafasi ya mtu mmoja, kama urais, wagombea walewale hawaruhusiwi kurudi.

Wapo watakaosema kuwa mchagua nazi hupata koroma, na kwamba nchi haikai bila kiongozi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana marudio huwekewa kikomo. Wengine watakumbusha kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo ni hekima ya kumfariji aliyekwisha kuingia nyumbani mwa zimwi. Haimfai anayeulizwa kama ataingia.

Aidha, manufaa ya kukataa huanza kabla ya siku ya kura. Chama kinachojua kuwa mpigakura hana pa kwenda humteua kimtakaye. Kinachojua kuwa anaweza kuwakataa wote hulazimika kumtafuta anayefaa.

Hata mwari huulizwa ridhaa yake kabla ya ndoa kufungwa, na swali hilo lina heshima kwa sababu anaweza kukataa. Taifa linaloomba ridhaa ya watu wake halina budi kuliacha neno hapana karatasini, na likisemwa, lihesabiwe kwa jina lake.